Vyura wa Mzee Kalinga na Mlango wa Mninga

Siku Crispin alipomwona Ezekia Kalinga kwa mara ya kwanza, alidhani ni mzigo uliosahauliwa. Mzee alikuwa ameketi chini uani kwa Himmat, mwenye duka pale Mbeya mjini, mgongo kwenye ukuta wa stoo, koti la kizungu lisilo na vifungo limemfunika hadi magotini, macho yamefumbwa. Ilikuwa mwisho wa Mei, mwaka 1954, na baridi ilikwisha anza kuuma.

Crispin alikuwa amepita mlango wa nyuma na matenga mawili ya kabichi. Hoteli ya wazungu ilikuwa imezikataa asubuhi ile. Mpishi alibandua jani moja, akakuta koa wawili, wale konokono wasio na nyumba, akalisukuma tenga kwa mguu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mtu aliyetoka Songea kwa miguu akiwa na jembe moja, akakodi bonde huko Nzovwe, akalifanya shamba la mboga linalosifiwa mji mzima, hapendi kurudishiwa tenga kwa mguu.

Kumud, mke wa Himmat, alizipekua kabichi zile kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Akachagua nne, akataja bei ya huruma. Siku nyingine Crispin angebishana mpaka jua lipande. Siku hiyo alikuwa amechoka, akakubali, na alipokuwa akizitoa ndipo jicho lake likaenda kwenye bustani ndogo ya uani. Kotmiri ya yule mama ilikuwa imesimama jani kwa jani, hakuna hata moja lenye tundu. Katikati palikuwa na kidimbwi kisichozidi upana wa mkeka, na juu ya jiwe, chura amekaa ametulia kama karani siku ya mshahara.

Aliuliza. Kumud akamwambia kwamba vyura ndio wanaokula wadudu, na aliyewaleta ni yule mzee pale ukutani. Crispin akamwendea, akamwamkia, akamuuliza tenga moja la vyura ni kiasi gani.

Mzee hakufungua macho. "Nilijua ni Mngoni kabla hujamaliza," alisema. "Nani mwingine anauliza bei ya kitu kisichouzwa?"

"Na mimi nilijua ni Mhehe," Crispin akajibu. "Mbwa wa hapa wote wamekaa mbali na wewe, wasije wakaliwa."

Mzee akacheka kidogo, cheko la mtu anayebana matumizi, halafu akafungua jicho moja.

Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kuku wako bandani, akamla, akakutumia manyoya. Ukinuna, aibu ni yako, na faini juu. Crispin alizipenda desturi hizi pale alipokuwa yeye mwenye kuchukua.

Habari za mzee alizipata vipande vipande. Kalinga alizaliwa ng'ambo ya Iringa miaka ya vita vya Wahehe na Mjerumani. Vita vilivyofuata, vya wazungu kwa wazungu, vilimkuta kijana, akabebeshwa masanduku ya risasi hadi bega la kushoto likashuka na halikupanda tena. Baadaye akapata kazi ya bustani kwa mzungu mmoja nje ya mji wa Iringa, akakaa miaka ishirini na sita. Mke wa yule mzungu alitaka bwawa lenye vyura, kwa sababu kwao lilikuwapo. Miaka mitatu Kalinga aliwabeba vyura kwa ndoo kutoka mtoni, na miaka mitatu waliondoka. Mwaka wa nne alichoka, akaliacha bwawa liote majani, kingo zikamomonyoka, na mvua ya kwanza ilipopiga wakaja wenyewe. Tangu hapo akajua kazi.

Kisha shamba likauzwa. Mmiliki mpya akapanda tumbaku hadi mlangoni, akafukia bwawa, akampa Kalinga koti. Mke wa Kalinga alikuwa amekwisha zikwa pembeni mwa shamba lile. Tumbaku ikapita na hapo. Watoto wawili, mmoja migodini Rodesia, mwingine kwenye mkonge Tanga, na barua hakuna. Mzee akapanda basi la shirika la Reli, akaja kwa mpwa wake Mbeya. Huko alikuwa analala jikoni, na kila alfajiri anaamka kabla ya watu ili apishe moto.

Crispin hakusikiliza haya kwa machozi. Alisikiliza kama mnunuzi anayetaka kujua muuzaji ana shida kiasi gani. Alipoona shida ni kubwa, akatoa bei ndogo ya kumletea vyura shambani: chakula na blanketi.

"Blanketi ninalo hili koti," Kalinga akasema. "Nataka mlango."

"Mlango wa nini?"

"Mlango ninaoufunga mwenyewe, kwa ndani. Karibu miaka sitini nimelala nyuma ya milango ya watu, na sasa nalala mahali pasipo na mlango kabisa. Nipe kibanda na kipande cha kulima, mpaka nife. Sitachelewa kufa."

Wakabishana siku tatu. Mwisho wakapatana mbele ya Himmat, na Matilda, mke wa Crispin, akiwapo. Kalinga atachimba bwawa kiangazi kile. Ikiwa kufikia Pasaka ijayo vyura watazaliwa mle, watoke na miguu minne waingie kwenye kabichi, atapata kibanda kando ya bwawa na kipande cha hatua kumi na mbili kando ya mfereji, mpaka kifo chake. Wasipozaliwa, ataondoka na blanketi na nauli ya kurudi Iringa. Crispin aliona ni mapatano mazuri. Akishinda, amechimbiwa bwawa kwa blanketi. Akishindwa, ana vyura. Hatua kumi na mbili zile zilikuwa udongo bora kuliko wote bondeni, lakini alijiambia mzee mwenye kikohozi kile hatazilima miaka mingi.

Ugomvi ulianza na jembe la kwanza. Crispin alitaka shimo lenye kina, kuta zimesimama, kama kisima. Kalinga alichimba kitu kama sahani: upande mmoja kina cha kiuno, upande wa pili udongo unapanda polepole hadi maji yanakuwa ya kulowesha kifundo tu. Alipoulizwa, akasema mtoto wa chura hana ngazi. Alichimba kidogo, akapumzika sana, akachimba tena. Akarundika mawe kivulini yenye mapengo chini yake. Akalaza gogo bovu ukingoni, na Crispin alipolichukua liwe kuni, mzee akaenda kulichukua jikoni likiwa limekwisha shika moto upande mmoja, akalirudisha mahali pake. Akapiga marufuku kufyeka nyasi za ukingoni. Kwa Kumud akaomba ndoo moja ya matope ya kidimbwi chake, akayamwaga kama mtu anayetia hamira kwenye unga. Halafu akaelekeza maji ya mfereji, akakaa.

"Sasa?" Crispin akauliza.

"Sasa tunasubiri mvua."

Crispin hakuwa na kipaji cha kusubiri. Mwezi wa Oktoba alikwenda Ubaruku, kwenye nyanda za joto, kutafuta mpunga, akaona vyura wamejaa kwenye majaruba, vile vitalu vya mpunga, wanono, wanaruka bila kazi. Akawalipa wakulima wakamjazia matenga mawili, akayafunika kwa majani mabichi na kuyapandisha kwenye lori juu ya magunia. Njia nzima utingo alilalamika kwamba mzigo unaongea. Usiku ule walimwagwa bwawani. Baada ya siku tatu hakukuwa na hata mmoja. Wengine walikutwa wamekauka njiani, vichwa vimeelekea Ubaruku walikotoka. Wengine baridi ya Mbeya iliwamaliza pale pale.

Kalinga aliwaokota kwa koleo. "Mimi hilo kosa lilinichukua miaka mitatu," alisema. "Wewe una haraka, umelimaliza kwa siku tatu."

Mwezi wa Novemba kosa la pili likaja, na hili Crispin hakuliona kuwa ni kosa. Bwana samaki wa serikali alikuwa anapita vijijini akigawa vifaranga vya perege kwa kila mwenye bwawa. Crispin akaona shimo moja, mavuno mawili. Kalinga alimwambia wazi kwamba perege atakula mayai na viluwiluwi. Crispin akasema watagawana.

Mvua zilipofunguka Desemba, vyura walikuja. Hakuna aliyewaleta. Jioni ya kwanza alilia mmoja, kama mtu anayejaribu mlango wenye kutu. Baada ya wiki bonde zima lilikuwa linapiga kelele, na asubuhi kando ya majani palionekana mayai, kama mlenda uliotiwa punje za pilipili manga. Kereng'ende nao wakaja, wekundu na wa buluu, na mdiria, ndege mla samaki, akakaa juu ya gogo lile la kuni. Kalinga alisimama ukingoni kutwa nzima, akiegemea mti kwa bega lile lisiloumia.

Kufikia katikati ya Januari mayai yalikuwa yamekwisha. Viluwiluwi vilivyototolewa havikufika siku ya tano. Perege walikuwa wamenenepa, wa kiganja, na walikuja juu kila walipoona kivuli cha mtu.

Kalinga akamwomba Crispin awatoe. Crispin akatazama maji, akatazama zile hatua kumi na mbili kando ya mfereji. Koa walikuwa bado wanamlia kabichi, hilo ni kweli. Lakini hoteli ingenunua samaki pia, na ardhi ingebaki mkononi.

"Mapatano hayakutaja samaki," alisema.

 Mzee alimwangalia, si kwa hasira, ila kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuunyanyua. Kisha akavuta koti lake, akaondoka. Matilda alikuwa akifua karibu, akayasikia yote. Jioni ile ugali wa Crispin uliwekwa mezani bila mboga.

Jumapili iliyofuata, Crispin alikwenda misa ya kwanza, akachelewa kurudi kwa sababu ya mazungumzo ya bei za viazi nje ya kanisa. Alipofika kilimani juu ya shamba lake aliona moshi. Aliposhuka akakuta Wahehe saba, vibarua wa kambi ya barabara, miguu imejaa tope, na sufuria kubwa jikoni pake, mafuta yanachemka. Kalinga alikuwa ameyafungulia maji upande wa chini, yakashuka yakabaki ya kifundo, wenzake wakaokota perege kwa vikapu hadi wa mwisho. Majirani walikuwa wameitwa. Wasafwa wa kilimani walikuwa wamekaa na majani ya mgomba mapajani, wanakula. Sufuria ilikuwa ya Matilda, na mwiko alikuwa ameushika Matilda.

Kalinga akamletea mwenye shamba jani lenye mkia mmoja.

"Karibu, Mngoni," alisema, watu wote wakisikia. "Babu zako walikula ng'ombe wa babu zangu, wakaacha mikia. Tumekuwekea."

 Kila mtu pale alijua utani, hata Wasafwa, na kila mtu alikuwa anatazama uso wa Crispin. Alihisi hasira, akaipigia hesabu haraka kama anavyopigia kila kitu: akinuna, faini, na habari itafika sokoni Mbalizi kabla ya jua kuzama kwamba Crispin amenuna mbele ya mtani. Nani atamwuzia kwa mkopo mtu asiyejua kucheka? Akachukua mkia, akautafuna na mfupa, akasema Wahehe siku hizi wameendelea, zamani angekuta mbwa sufuriani. Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Matilda ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Siku ile ile Kalinga akarudisha maji. Februari vyura wakataga tena, na safari hii mayai yakabaki. Viluwiluwi vikajaa upande ule wa kina kifupi, vyeusi, vikitetemeka kama wino uliomwagika. Machi vikatoa miguu ya nyuma. Wiki ya Pasaka Crispin alikuwa anashuka bwawani asubuhi na jioni, akiinama kama mkaguzi, akitafuta kasoro. Ijumaa Kuu akapata moja: miguu minne ipo, lakini mikia bado.

"Hao bado ni samaki," alisema.

"Subiri," Kalinga akajibu. Sauti yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba Crispin hakupata pa kuanzia ubishi.

Jumamosi mvua ilipiga mchana kutwa. Jumapili ya Pasaka, kabla ya misa, ukingo ule uliopanda polepole ulikuwa unatembea. Vyura wadogo kama ukucha wa kidole gumba, mia kwa mia, walikuwa wanapanda kutoka majini, wanapita chini ya nyasi zisizofyekwa, chini ya gogo, wanaingia kwenye kabichi. Crispin alisimama na viatu vyake vya kanisani, akashindwa hata kugeuka asije akawakanyaga.

Kibanda kilijengwa kwa wiki mbili. Crispin akaweka mlango wa mianzi. Kalinga akausukuma kwa kidole, ukafunguka.

"Hili ni pazia," alisema. "Tulisema mlango."

Nyumbani kwa Crispin kulikuwa na mlango wa mninga, mzito, wenye komeo la chuma, aliounyakua huko Mbalizi ghala moja la zamani lilipobomolewa. Alikuwa anauhifadhi kwa ajili ya nyumba ya matofali atakayoijenga siku moja. Akatoa visingizio vinne. Matilda akauburuta mwenyewe kutoka stoo, nusu ya njia, akauacha pale uwanjani ili mumewe aone haya. Crispin akaupachika. Jioni ile Kalinga aliingia ndani, na Crispin akiwa bado anakusanya misumari akasikia komeo linasukumwa: kra, kisha kimya.

Mwaka ule hoteli haikurudisha tenga. Koa hawakwisha, ila walipungua wakawa wa kutafutwa. Lakini ukimwalika chura umealika ukoo mzima. Korongo akaja asubuhi. Nyoka wa majani wakaja, Matilda akawa haendi kuchota maji bila fimbo. Nguchiro akawafuata nyoka, kisha akayaona mayai ya kuku. Kila mgeni Kalinga alimpokea kwa kutikisa kichwa tu, bila furaha, kama baba mwenye nyumba aliyejua watakuja.

Yeye mwenyewe hakunufaika sana. Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyo ng'ombe hajalala hatua tano kutoka bwawani. Mzee alikuwa hapati usingizi. Unyevu ulipanda ukutani, na Juni ya pili, 1956, umande ulipoganda juu ya nyasi, kikohozi kilimshika kisimwachie. Kipande chake alikilima robo tu.

Akaja kwa Crispin mwenyewe, akaketi, akasema dada yake Severina, Iringa, amemtumia salamu. Ana chumba kikavu. Anataka kurudi. Crispin alielewa mara moja kwamba mbele yake yupo muuzaji aliyechoka, na muuzaji aliyechoka hauzi, anatua mzigo. Akamwambia atampa blanketi na nauli, naye arudishe kibanda na hatua kumi na mbili.

Kalinga akamtazama. "Hayo ndiyo ningepewa kama ningeshindwa."

"Ndiyo."

"Sawa," mzee akasema. "Nimechoka."

Matilda hakusema na mumewe siku mbili, lakini ardhi ikawa imerudi, na Crispin akalala vizuri.

Asubuhi ya safari alishuka bondeni kwenda kupokea mali yake. Kibanda kilikuwa wazi. Si mlango kuwa wazi, mlango haukuwapo. Bawaba zilikuwa zimeng'olewa kwa ustadi, misumari imepangwa kwenye kizingiti kwa mstari. Ndani, sakafuni, vyura watatu walikuwa wamekaa.

Alifika kituo cha basi anahema. Mizigo ilikuwa imekwisha pakiwa, na juu kabisa, umefungwa kwa kamba ya mkonge, mlango wa mninga na komeo lake. Kalinga alikuwa ameketi dirishani, blanketi jipya juu ya koti.

"Mzee," Crispin alianza, "tulipatana..."

"Tulipatana kibanda na ardhi. Vyote nimekuachia, nenda kavihesabu." Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Mlango nimechukua kwa utani. Cheka, Mngoni, watu wanatazama."

Watu walikuwa wanatazama. Crispin akacheka. Halikuwa cheko zuri, lakini lilitosha. Utingo akauliza kama mlango ule umelipiwa mzigo, na kabla mzee hajajibu, Crispin akajikuta ameingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akalipa. Hakujua kwa nini, na njia nzima ya kurudi Nzovwe hakulipenda jambo hilo.

Kibanda akakifanya stoo ya mbegu. Mahali pa mlango akatundika mkeka. Kila alfajiri anaunyanyua, anawafukuza vyura kwa ufagio, wanatoka polepole, bila kuogopa, na jioni wanarudi.